Damu Yenye Jina la Mwanangu

Damu ya Kidoti ilifika wodini saa tisa alasiri, katikati ya muda wa kuona wagonjwa, na pale kitanda namba kumi na tisa watu walishusha pumzi. Bibi yake aliacha kumpepea kwa kipande cha boksi. Baba yake, mchomeleaji wa mageti aliyetoka kazini bila hata kuvua ovaroli, alisema, "Afadhali." Kidoti mwenyewe, binti wa miaka tisa aliyezaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa kupungukiwa damu, alikuwa ameegemea mto. Tangu asubuhi alikuwa akihema kama mtu aliyemaliza kupanda ngazi, midomo imempauka, macho yamegeuka manjano.

Mama yake peke yake ndiye aliyesimama.

Nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Mwenzake alikuwa mgonjwa nyumbani, wa tatu alihamishwa na hakuletwa mwingine, kwa hiyo wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa wake, na ilionekana wote wameamua kumwita kwa wakati mmoja. Alitundika mfuko wa damu kwenye stendi ya dripu, akachomeka mrija, akainama kuitafuta kanula, kile kisindano cha plastiki kilichobandikwa kwenye mkono wa mtoto.

"Sista, samahani," alisema Mama Kidoti. "Tusome kwanza."

"Tusome nini?"

"Jina, namba na kundi. Wewe unasoma kwenye mfuko, mwingine anasoma kwenye faili."

Nesi aliinua uso. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Faili liko kwa daktari. Na huyo mwingine ni nani? Unamwona mwingine hapa?"

"Basi nitasoma mimi. Nina kadi yake."

Mgeni wa kitanda cha jirani alicheka. "Jamani, fundi cherehani leo kapandishwa cheo! Amekuwa daktari!" Wengine nao wakacheka, kicheko kile cha watu waliochoka kukaa, wanaoshukuru kupata chochote cha kuchangamshia mchana.

Mama Kidoti hakucheka wala hakununa. Hii ilikuwa mara ya kumi na mbili mwanawe kuongezewa damu, na kila mara aliandika tarehe, namba ya mfuko na kundi kwenye daftari lilelile analoandikia vipimo vya wateja. Aliyemfundisha ni mtaalamu wa benki ya damu, bwana mmoja mfupi mwenye sauti kubwa ambaye hospitali nzima ilimwita Barafu, kwa sababu mazungumzo yake yote yaliishia kwenye baridi. Barafu alikuwa tayari kugombana na yeyote aliyeliacha wazi friji lake hata kwa kitambo kidogo. Ilisemwa kwamba siku moja alimrudishia Mkurugenzi soda yake, akamwambia ndani ya friji lile hamna cha kunywa.

Mwaka juzi, Mama Kidoti aliposimama dirishani kwake kusubiri, Barafu alimweleza kila kitu bila kuulizwa. Kwamba anayetoa damu huulizwa maswali mpaka achoke. Kwamba kila mfuko hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende, na ukikutwa na kitu unateketezwa, hata awe aliyetoa ni nani. Kwamba damu haitakiwi kupata joto wala kuganda, na kabla ya kutoka huchanganywa tone kwa tone na ya mgonjwa, kuona kama zinapatana. "Yote hayo naweza kuyalinda," alisema. "Ila hatua ya mwisho, kutoka kwenye mfuko kwenda kwenye mkono, mimi siko. Huko uwepo wewe."

Kwa hiyo alikuwepo. Aliushika mfuko kwa vidole viwili, akausoma. Jina la mwanawe lilikuwepo, lile la shuleni. Jina la baba lilikuwepo. Akashuka kwenye namba, akaitazama kadi, akarudi kwenye mfuko. Akasoma tena.

"Sista, namba ya mwanangu inaishia na sabini na nne. Hii inaishia na arobaini na saba. Na hapa pameandikwa kundi B. Kidoti ni A."

"Hiyo kadi ni ya kliniki, mama. Maabara wamempima leo hii. Nyinyi makundi mnaandikiwa vibaya huko mlikotoka, halafu mnatuletea hapa." Nesi aliushika mkono wa mtoto, akausoma ule utepe wa plasta ulioandikwa kwa kalamu, maana tepe zenyewe za wagonjwa zilikwisha tangu wiki iliyopita. Kwenye plasta palikuwa na jina tu. "Jina ni hili, na mgonjwa ni huyu. Nina watu wengine, tafadhali."

Akanyoosha mkono afungue damu. Mama Kidoti akaudaka.

Wodi nzima ikageuka. Kumshika nesi mkono! Bibi alishika kichwa. Baba Kidoti alisogea haraka, akasema kwa sauti ya chini, yenye aibu, "Mama Kidoti, mwachie. Unatutia aibu mbele za watu."

"Aibu itaisha kesho."

"Watatufukuza hapa. Tutampeleka wapi?"

Lilikuwa swali la kweli, na yeye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusimama kwenye milango ya watu akiwa ameshika kofia, akisubiri aambiwe geti limekubalika au arudie. Kwenye ofisi alisema "ndiyo" kabla hajaulizwa. Alimpenda binti yake kwa namna ya kutowakera wale wanaoweza kumsaidia.

Bibi naye hakubana sauti. "Mtoto anakata roho, yeye anasoma kama yuko darasani! Mwanangu, mkeo huyu ana nini?"

*

Matroni alikuja. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, mwenye saa iliyobandikwa kifuani, na watu walimpisha kabla hajafika. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Ni yupi anayekataa damu?"

"Sijakataa damu, Matroni," alisema Mama Kidoti. Kwa mkono mmoja alikuwa ameubana mrija, kwa mwingine ameshika kadi. "Nimekataa hii."

"Hii ndiyo iliyoletwa. Ukiikataa, unaweka saini hapa kwamba umekataa matibabu ya mtoto, na likitokea la kutokea, ni juu yako." Aliiweka karatasi kitandani, juu ya miguu ya Kidoti. Kisha akauliza kwa upole uliotiwa chumvi, "Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"La saba." Matroni alilirudia jibu hilo kama kitu cha kuonyeshwa kwa wodi nzima. "Haya. Na huyu sista amesomea miaka mitatu."

"Namwamini," alisema Mama Kidoti. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Lakini kusoma namba walitufundisha darasa la kwanza. Mwiteni Barafu. Akisema ni sawa, nitaachia, na nitawapigia magoti nyote."

"Barafu haitwi na wagonjwa."

Hapo Mama Kidoti akamgeukia mumewe. Hakumpigia kelele. "Baba Kidoti, wewe chuma unakata kwa kukisia?"

"Hapana."

"Basi njoo upime."

Alisita. Alimtazama Matroni, akamtazama mamake, akamtazama binti yake ambaye sasa mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Halafu akasogea, akaweka kidole chake cheusi cha mchomeleaji juu ya lebo ya mfuko, na kingine juu ya kadi, akavisogeza vyote viwili pamoja, tarakimu moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Kwenye tarakimu ya pili kutoka mwisho vidole vilisimama. Akarudia tangu mwanzo. Vikasimama palepale.

"Matroni," alisema, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mkewe kumsikia akimtamkia mkubwa yeyote neno ambalo si ndiyo, "hazifanani."

Nesi aliinama kutazama. Alitazama kama mtu anayetazama kwa mara ya kwanza, na ukweli ni kwamba ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Bila kumngoja Matroni, alikimbilia simu ya mezani.

*

Barafu alikuja mbio, koti lake jeupe likipepea, akauchukua mfuko, akauweka mwangani.

"Huu nimeutoa pamoja na mwingine," alisema. "Wasichana wawili. Jina moja, jina la baba moja. Nilimwambia mbebaji kila mfuko na fomu yake, kila mfuko na safari yake!" Alifuta kipara chake. "Huyu mwenzake yuko wodi ya upasuaji, juu. Ana B."

Matroni alianza kusema jambo kuhusu taarifa na utaratibu. Mama Kidoti akamkatiza.

"Na wa kwetu uko wapi?"

Swali lilikuwa jepesi, na kila mtu pale, hata yule mgeni mcheshi wa kitanda cha jirani, alilielewa kwa wakati mmoja: ulikuwa juu, kwa yule msichana mwenye B. Nesi aliinyakua tena simu. Ililia, ikalia, ikalia. Juu hakuna aliyepokea.

Baba Kidoti aliondoka. Hakuaga, hakuuliza njia. Walisikia tu buti zake zikigonga ngazi.

Aliyoyakuta huko alikuja kumsimulia mkewe baadaye, na hata wakati wa kusimulia alikuwa akishikilia ukingo wa kitanda. Mlangoni mlinzi alimwambia apitie ofisini kwanza, yeye akampita. Chumba cha kwanza wazee, cha pili wazee. Cha tatu alimwona msichana wa miaka kama kumi na minne, amefungwa bendeji tumboni, na mfuko mwekundu ukining'inia juu yake, na nesi akigonga mrija kwa ukucha kutoa mapovu. Alitafuta maneno ya adabu, hayakuja. Kwa hiyo alitoa sauti ile anayoitumia karakanani, mashine zikiwa zinanguruma:

"Acha!"

Nesi aliruka nyuma. Mlinzi alimkumba Baba Kidoti kwa nyuma, na mwanamume aliyekuwa ameketi kando ya kitanda akasimama, akamkamata ovaroli kifuani. "Wewe nani wewe? Unamtaka nini mwanangu?"

"Mimi ni baba wa mwenye jina kama lake," alisema Baba Kidoti, akitweta. "Hiyo damu ni ya mwanangu. Ya kwenu iko chini. Someni namba."

Wakasoma. Yule mwanamume alimwachia ovaroli kifuani polepole, kisha akaipangusa kwa kiganja, akiinyoosha pale alipoikunja, akiendelea kuinyoosha hata ilipokuwa imenyooka.

*

Barafu, aliyekuwa amepanda nyuma ya Baba Kidoti, alishuka na mfuko wenye kundi A, na Bibi akanyoosha mikono yote miwili kuupokea kana kwamba ni mtoto. "Mungu mkubwa! Sasa mpeni!"

"Huu hauingii," alisema Barafu.

"Hauingii vipi? Si ndio wake? Mmesema wenyewe!"

"Ni wake, mama. Lakini umetoka kwenye friji zaidi ya saa moja iliyopita, na kule juu waliuweka dirishani, juani. Damu ikipata joto, vijidudu hata kama ni vichache huzaana humohumo ndani. Kwa macho huoni kitu. Ukimwekea, anaanza kutetemeka, na baada ya hapo sina la kukuahidi. Na ule mwingine nao nautupa."

"Kwa hiyo mnamwaga damu, mtoto anakufa!"

Barafu aligeuka. Alimtazama Mama Kidoti. Na Mama Kidoti, aliyeushika mkono wa nesi mbele ya watu wote, aliyemjibu Matroni, sasa alitamani kumnyang'anya mfuko ule na kuufungua mwenyewe. Ulikuwa na jina sahihi. Ulikuwa na namba sahihi. Kidoti alikuwa amefumba macho, na kila pumzi ilikuwa na mlio mdogo mwishoni.

"Unao mwingine?" aliuliza.

"Wa A umebaki mmoja. Nitaulinganisha na damu yake sasa hivi. Nipe dakika arobaini na tano."

"Ataziweza?"

"Tukimwekea oksijeni, nadhani ataziweza. Huu nikimwekea, sijui."

Alitaka mtu mwingine aamue. Alimtazama mumewe aliyekuwa amerudi, jasho likimtiririka, naye akamtazama yeye tu, akingoja. Alikuwa ametoka kukimbia ngazi zote zile kwa sababu ya neno lake.

"Nenda," alimwambia Barafu. "Kimbia."

Hizo ndizo dakika ndefu kuliko zote alizowahi kuishi. Nesi alileta mtungi wa oksijeni akiuburuta mwenyewe, akamvisha Kidoti barakoa, akabaki amesimama pale. Wengine wakaita, "Sista! Sista!" na yeye akawa anajibu, "Nakuja," asiende. Bibi alikuwa amegeukia ukutani, akiomba kwa kunong'ona, na katikati ya maombi yake jina la mkaza mwanawe lilipita mara mbili, haikujulikana kwa heri au kwa shari.

"Nilikuwa na mtoto anayetapika kitanda cha nne," nesi alisema ghafla, bila kumtazama mtu. "Na wa saba dripu yake imetoka. Na Matroni ananiita. Nikaona jina, nikasema basi, jina ni hili." Alimeza mate. "Ningemuua."

"Hukumuua."

"Kwa sababu ulinishika mkono."

Mama Kidoti alifikiri kumwambia si kitu, watu hukosea. Lakini kilikuwa kitu. "Na ningekushika tena," alisema. Kisha akamsogezea nusu ya benchi aliyokuwa ameikalia, naye nesi akaketi.

Barafu alirudi dakika ya arobaini na moja, mfuko kwenye boksi la baridi, fomu moja mkononi, na daktari aliyemvuta njiani pamoja na faili. Safari hii hakuna aliyecheka. Nesi alisoma kwenye mfuko, daktari akafuata kwenye faili, Mama Kidoti akafuata kwenye kadi, na sauti zao tatu zikapishana juu ya kitanda.

"Kundi A."

"A."

"A."

"Namba inaishia sabini na nne."

"Sabini na nne."

"Sabini na nne," alisema Mama Kidoti, na hapo tu, baada ya siku nzima, machozi yakamtoka.

Damu ikaanza kudondoka, tone baada ya tone. Nesi alikaa robo saa nzima, akipima joto, akihesabu mapigo, akimuuliza Kidoti kama anasikia baridi, kama mgongo unauma. Jua lilipokuwa linatua Kidoti alifungua macho, akaivuta barakoa kando, akauliza kwa nini watu wote wanamtazama, na kama kuna chai.

*

Asubuhi iliyofuata waliitwa ofisini kwa Matroni, mume na mke. Mezani palikuwa na karatasi iliyochapwa vizuri na kalamu imewekwa juu yake.

"Ni jambo dogo," alisema Matroni. Leo alikuwa na sauti nyingine. "Mtoto anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu. Weka saini hapo chini, tumalize."

Mama Kidoti aliketi kwenye kiti cha wageni, akaivuta karatasi karibu. Mumewe alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Huna haja ya kusoma yote," alisema Matroni.

"Nasoma taratibu, lakini nafika."

Alisoma taratibu. Karatasi ilisema kwamba nesi wa zamu, kwa uzembe wake mwenyewe, alikiuka utaratibu. Ilisema kwamba mzazi alitoa ushirikiano mzuri, ameridhika, na hana lalamiko lolote. Ilikuwa na aya tatu. Alipomaliza, aliirudisha mezani.

"Hapa hapasemi alikuwa peke yake na wagonjwa arobaini na mmoja."

"Hayo ni mambo ya ndani ya hospitali, mama."

"Hapasemi tepe za mkononi zimekwisha tangu wiki iliyopita, mwanangu akaandikiwa kwenye plasta. Hapasemi mifuko miwili ilibebwa safari moja. Hapasemi simu ya juu haikupokewa. Na hapasemi kwamba nilipoomba isomwe namba, niliulizwa nimesoma mpaka darasa la ngapi."

Matroni aliivua miwani yake. "Ya ndani huwa tunayamaliza ndani."

"Ya ndani ndiyo yaliyotaka kumuua mwanangu. Na mtoto wa mwenzangu kule juu." Aliisukuma kalamu mpaka upande wa pili wa meza. "Yule sista mtamfukuza, kesho mtamweka mwingine, naye peke yake, na wagonjwa walewale arobaini na mmoja. Mimi nitakuja hapa mara ya kumi na tatu, Matroni. Na ya kumi na nne."

"Unakumbuka," alisema Matroni polepole, "kwamba mtoto wako bado yuko wodini kwangu?"

Hakulisema kwa ukali, wala hakuhitaji ukali. Mama Kidoti aliitazama tena ile karatasi. Aliwaza kitanda namba kumi na tisa, dawa ya saa sita, na milango yote ambayo ingebidi aje kubisha tena. Hakugeuka nyuma. Alijua mumewe anamtazama, na alijua pia miaka kumi na mbili ya ndoa ilivyomfundisha: sasa atakohoa, atasema, "Matroni, tunaomba radhi, mke wangu kachoka tu."

"Baba Kidoti," alisema Matroni, naye akiwa na hesabu hiyohiyo, "zungumza na mkeo."

Kofia ilivishwa kichwani. Buti zikatembea. Baba Kidoti alikivuta kiti kilichokuwa kando ya kabati, kile ambacho hakuna aliyemkaribisha akikalie, akakiburuta sakafuni kwa kelele mpaka kando ya mkewe, akaketi.

"Andika upya, Matroni," alisema. "Tutasubiri."